Wakili wa Mnyonya Damu

Kila mwezi, siku gazeti la katuni lilipotarajiwa kutoka Dar es Salaam, Bwana Maabara alikuwa anakwenda njia panda ya Msamvu, pembeni mwa mji wa Morogoro, kulipokea akiwa bado amevaa koti lake jeupe la kazini. Wauza magazeti walimwambia mara nyingi kwamba anajisumbua bure, kwa kuwa nakala zingefika mjini kabla ya chakula cha mchana. Hakusikia. Hakutaka kuwa msomaji wa pili. Alisimama kando ya barabara, mikono nyuma, na basi lilipofika na furushi kushushwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama. Hakulifungua palepale. Alilikunja, akalitia mfukoni pamoja na vichupa vyake, akarudi hospitali kutoboa vidole vya watu.

Nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi, ukuta kwa ukuta, na hata leo sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo hayakuwa mambo ya kumuuliza. Ukimsalimu shikamoo alijibu, "Marahaba, nyosha kidole," halafu akacheka peke yake. Mzaha huo aliufanya kwa watoto, kwa wazee, na mara moja kwa mkuu wa wilaya, ambaye inasemekana alikinyosha.

Ilikuwa ile miaka ambayo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka kama uyoga. Sisi tuliokulia kwenye magazeti mawili matatu, tena yaliyofika yakiwa na habari za juzi, tulijikuta tunachagua. Kulikuwa na magazeti ya mapenzi, ya mpira, ya udaku, na hili la katuni lililokuwa na hadithi moja ndefu isiyokwisha. Hadithi hiyo ndiyo iliyotushika.

Ilimhusu nyapara wa shamba la mkonge enzi za Mjerumani. Wakata mkonge aliokuwa akiwatesa walimkamata, wakamzika akiwa hai. Akafufuka miaka mingi baadaye, suruali yake ya kaki ikiwa bado imenyooka, akiwa na kiu ya damu ya wajukuu zao. Mchoraji hakuwa na huruma. Shingo zilikatwa kwa visu vya mkonge, watu walining'inizwa kwenye mashine za kusokota kamba, na wino mweusi ulitapakaa kurasa nzima mpaka maneno mengine hayakusomeka. Nyapara mwenyewe na wote waliokuwa upande wake hawakuwa na damu. Ukiwachoma kisu zilitoka nyuzi za katani, nyeupe na kavu. Aliyekuwa akimwinda alikuwa msichana aitwaye Tatu, mjukuu wa mmoja wa waliomzika.

Mabishano yalifanyika kwenye benchi la Kinyozi, hatua chache kutoka soko kuu. Kinyozi alikuwa kiongozi wa waliotaka Nyapara auawe, tena auawe kabisa, majivu yake yatupwe Mto Morogoro. Bwana Maabara alikuwa upande wa pili, na mara nyingi alikuwa upande huo peke yake.

"Mtu amemaliza kijiji kizima," Kinyozi alimwambia siku moja, mkasi ukiwa hewani juu ya kichwa cha mteja, "na wewe bado unamtafutia sababu."

"Sikatai kwamba amekimaliza. Nauliza nani alimzika hai."

"Alikuwa anawapiga mijeledi."

"Wangempeleka mahakamani."

"Mahakama ya nani? Ya Mjerumani?"

Benchi zima lilicheka, na mteja akaomba amaliziwe upande wa kushoto. Bwana Maabara alisubiri kicheko kiishe. Akainua kidole kama anayepima hewa, akasema neno alilolisema kila alipozidiwa: "Tuwe waadilifu kwa marehemu." Kinyozi akamuuliza ni marehemu gani huyo anayetembea.

Kwa ubishi hakuwa mtu mzuri, na sitamsingizia uzuri ambao hakuwa nao. Alikuwa na hasira za kitoto. Toleo moja Tatu alipomkata Nyapara mkono, Kinyozi alisherehekea kupita kiasi, na Bwana Maabara akanuna. Akaenda kunyolewa kwa kinyozi mwingine upande wa stesheni. Alirudi na kichwa chenye mabaka, akakaa kwenye benchi letu, na Kinyozi akachukua mkasi akamrekebisha. Gazeti lake hakumwazima mtu. Alisoma kwa sauti, kila mhusika na sauti yake, Nyapara akimpa sauti ya upole sana, karibu ya huzuni. Watoto wakisogea, kurasa za kuchinjana alizifunika kwa kiganja na kusema, "Hapa wanazungumza tu."

Hapo ndipo mtu huyu alipokuwa na mambo mawili yasiyopatana. Aliyezisoma kurasa zile kwa raha hakuweza kuangalia kuku akichinjwa. Sikukuu alikuwa ananiletea jogoo mlangoni, ananikabidhi akiwa ameangalia pembeni, anakwenda kusimama barabarani mpaka nimwite. Na aliyewatoboa vidole nusu ya watu wa Morogoro hakuwahi kukubali kutobolewa. Akishikwa na homa alimeza klorokwini kwa kukisia, akajifunika blanketi, akaiacha iende. Wauguzi walimtania kwa hilo. Alijibu kwamba fundi viatu naye hatembei juu ya misumari.

Watu walimwogopa kidogo, hata waliomtania. Habari za watu wanaonyonya damu hazikuja na gazeti la katuni. Tulizikuta kwa wazazi wetu, waliotukataza kukaribia magari tusiyoyajua. Sasa kulikuwa na mtu anayechukua damu asubuhi na kumtetea mnyonya damu jioni. Wahuni wa kijiweni walimpigia mluzi na kumwita Nyapara. Alipenda. Kasisi wa mtaani kwetu alilisema gazeti lile kanisani, akaonya kwamba vijana wanajazwa ukatili. Wiki ileile, wakati anapimwa malaria, alimwuliza Bwana Maabara kwa sauti ya chini kama Tatu alifanikiwa kutoka kwenye ghala.

Katika wasikilizaji wa benchi alikuwepo mama mmoja kutoka mlimani, Mluguru, aliyeshuka na mboga siku za soko. Tulimwita Mama Karoti. Akishamaliza kuuza alikuja kukaa mwisho wa benchi, matenga matupu miguuni, akamsikiliza Bwana Maabara hadi ukurasa wa mwisho ndipo aanze kupanda. Kusoma alijua, ila alisema miwani yake iko kanisani. Hakubishana. Aliuliza maswali tu, kama vile mke wa Nyapara alizikwa wapi, maswali ambayo mchoraji mwenyewe sidhani kama aliyafikiria.

Huko juu, wakati wa kumenya njegere, alikuwa anaisimulia upya kwa Kiluguru. Alitueleza mwenyewe. Shamba la mkonge alilisogeza mpaka chini ya mlima wao. Tatu alimfanya binti wa ukoo wake. Na kwa kuwa Nyapara alikuwa anashtakiwa na kila mtu, aliona hadithi inamhitaji mtu wa kumsemea, akamtia: bwana mmoja wa Morogoro mjini, koti jeupe, vichupa mfukoni, mwenye maneno matamu.

Benchi lilivunjika mbavu. Bwana Maabara alikuwa amepewa cheo ambacho hospitali haikuwa nacho, na hakuificha furaha yake. Aliuliza kama huyo wakili wa huko juu anavaa miwani. Mama Karoti akasema hapana, huko anaona gizani.

Kuanzia siku hiyo tulimwita Wakili. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba huko juu watu walikuwa wanamjua tayari, sura na sauti, bila kuwahi kumwona.

Sabina, binti wa Mama Karoti, alishuka kuja kujifungua mtoto wake wa kwanza. Uchungu ulichelewa, akafanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka salama, wa kike, mwenye sauti kubwa. Mama yake ndiye aliyebaki mahali pabaya, damu zinamtoka na hazitaki kukatika. Daktari alisema anahitaji kuongezewa haraka, na kwenye jokofu hapakuwa na damu ya kundi lake. Mama Karoti alipimwa, yake ikaonekana ni chache mno kupunguzwa. Mume hakulingana. Kinyozi na mimi tulikwenda mara tuliposikia, nasi hatukulingana. Ikabaki kusubiri ukoo. Ujumbe ulikuwa umepelekwa tangu alfajiri kwa pikapu ya mboga, na mchana, viatu vikiwa vimejaa udongo mwekundu, wakafika: mjomba wa Sabina na wapwa zake wanne, vijana wa kubeba magunia.

Kwa Waluguru ukoo ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mume alisimama ukutani akingojea, nasi tukangojea. Mjomba, mzee mfupi mwenye koti la mvua, akaongozana na muuguzi hadi mlango wa maabara. Bwana Maabara akageuka, akasema kwa sauti yake ya upole, "Karibuni wazee, nyosheni mikono."

Kijana mmoja akamshika mjomba kwapani. "Ndiye," akasema.

Wakarudi nyuma wote watano mpaka mwisho wa ukumbi.

Mama Karoti aliwafuata. Hakulia. Alizungumza haraka, Kiluguru na Kiswahili vikichanganyika, kwamba binti yao anakwisha kule ndani na hapa si pa kusimama. Mjomba hakuwa na hasira. Alisema hawakatai kumtolea mtoto wao damu. Wanaukataa mkono utakaoitoa.

"Kaka, ile ni hadithi. Nilimtia mimi mwenyewe."

"Ulituambia ulimsikia kwa masikio yako akimtetea."

"Nilimsikia, lakini..."

"Basi hapo si hadithi."

Kinyozi akaona ni zamu yake. Akaeleza kwamba yale ni maongezi ya benchi, watu wanapitisha jioni, na kwamba yeye mwenyewe amebishana na mtu huyu miaka yote na bado wanakunywa chai pamoja. Mjomba alimsikiliza vizuri, akamwuliza swali moja tu. Alitaka kujua kama huyu bwana alimtetea mnyonya damu au hakumtetea.

Kinyozi alitazama chini. "Alimtetea," akasema.

Muuguzi alitoka wodini, akatuangalia, akarudi ndani bila kuuliza. Tulielewa kwamba muda unakwisha. Kulikuwa na mtu mwingine wa zamu ambaye angeweza kuwatoa damu, lakini alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji, na hata angekuwepo, chupa zote zingepita mikononi mwa Bwana Maabara kupimwa. Hapakuwa na njia ya kumkwepa.

Alikuja mwenyewe, akasimama mbali kidogo nao, mikono ikionekana. Nilitegemea akane. Ilikuwa rahisi kukana: aseme hampendi Nyapara, hajawahi kumpenda, ni utani. Hakukana. Alimwamkia mjomba, ingawa sidhani kama walipishana miaka, akamwuliza angependa kuona nini ndipo aridhike.

"Watu wa Nyapara hawana damu," mjomba akasema. "Tunataka kuona kama wewe unayo."

Nilimtazama jirani yangu. Nilimkumbuka akiwa barabarani, amempa mgongo jogoo wake.

"Tone au chupa?" akauliza.

"Chupa. Tone unaweza kuwa umelificha kwenye ukucha."

Akakaa kwenye kiti alichokuwa akiwakalisha wengine. Alikunja mkono wa koti vibaya, ukafunguka, akakunja tena. Muuguzi aliyeitwa kuja kumchoma hakuamini, akamwuliza mara ya pili kama kweli. Wale watano walijipanga mlangoni. Bwana Maabara alifumba macho kabla hata mpira haujafungwa mkononi, akamtafuta Kinyozi kwa mkono wa pili, akaupata mkono wake, akaukamata.

"Ongea," akamwambia. "Ongea chochote."

Kinyozi akamwinamia. "Nyapara ni muuaji," akasema.

"Hapana."

"Ni muuaji na mwizi. Na Tatu atamchoma moto."

"Hapana. Sikiliza. Tuwe waadilifu." Sindano ikaingia. Alijikunja, sauti ikapotea, ikarudi ikiwa nyembamba. "Yule mtu alizikwa anapumua. Wewe ungezikwa unapumua ungefufuka na adabu?"

"Nisingekula watoto."

"Mtoto gani? Taja ukurasa. Watoto aliwapita. Kwenye bweni aliwapita."

"Aliwapita kwa sababu alikuwa ameshiba."

"Wewe hujui kusoma picha," akasema, machozi yakimtoka pembeni ya macho yaliyofumbwa, na mrija ukajaa wekundu, ukaenda taratibu hadi kwenye chupa.

Mjomba alisogea. Aliinama akaangalia damu ikiingia, akangoja kama anayehakikisha kwamba haitabadilika. Akaigusa chupa kwa mgongo wa vidole.

"Ya moto," akawaambia wapwa zake. Halafu akamgeukia Kinyozi. "Anamtetea hata sasa?"

"Hata sasa, mzee."

"Basi ni kazi yake tu, kama mawakili wengine."

Akavua koti la mvua, akampa kijana alishike, akakunja mkono wa shati. Nyuma yake vijana nao walianza kukunja mashati, mmoja baada ya mwingine, wakisukumana nani atangulie.

Mjomba alilingana, na wapwa wawili walilingana. Bwana Maabara aliwapima mwenyewe, akiwa ameegemea meza kwa kiuno. Mjomba aliketi ndani ya maabara muda wote huo, mahali ambapo palikuwa na maandishi ya kukataza watu wasio na kazi, akiangalia kila tone linapowekwa. Chupa ilipokuwa tayari alitaka aipeleke mwenyewe, na hakuna aliyemzuia. Niliwaona wakipita ukumbini: mzee mbele, chupa ameikumbatia ndani ya kanga ya dada yake isipoe, muuguzi kando yake, na ukoo nyuma ukitembea polepole kama unasindikiza bibi harusi.

Chupa ya pili ilipokaribia kwisha damu ilianza kukatika. Jua lilikuwa bado kwenye milima wakati Mama Karoti alipotoka wodini akasema Sabina ameomba uji, na kwamba ameuliza kwa nini watu wote hawa wamekuja, kuna msiba? Sisi tuliokuwa nje tulicheka kicheko kirefu kuliko neno lenyewe. Mume alikaa chini sakafuni. Bwana Maabara alikuwa amelala kwenye benchi la wagonjwa, soda mkononi, Kinyozi akimpepea kwa gazeti. Aliposikia alinyanyua soda juu kidogo bila kufumbua macho.

Damu yake yeye haikumfaa Sabina. Ilipimwa, ikawekwa kwenye jokofu, ikangoja mwingine. Alijua tangu alipokaa kwenye kile kiti kwamba yawezekana isimfae. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakukana tu, alisema kwamba wangemwona anadanganya, na mtu mwenye chupa za watu mikononi hawezi kuanza siku kwa uongo. Kisha akaongeza kwamba, zaidi ya hayo, Nyapara alizikwa hai.

Gazeti la katuni lilikufa kimyakimya, kama mengi ya wakati ule. Mwezi mmoja furushi halikushushwa, wala mwezi uliofuata. Nyapara alibaki ndani ya kisima, Tatu juu yake ameshika taa, na hatukujua kama alimmwagia mafuta au alimtupia kamba. Bwana Maabara aliendelea kwenda Msamvu kwa muda, akirudi na mfuko mtupu. Benchi likahamia kwenye siasa za vyama, ambako Kinyozi na yeye walijikuta upande mmoja na kukosa la kuzungumza. Alipostaafu alihama ukuta wangu, na tulipotezana.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, kwa bahati. Nilikuwa nimepanda mlimani kuandika habari ya barabara iliyoporomoka, mvua ikanikuta, nikaelekezwa nyumba ya kujihifadhi. Chini ya upenu watu walikuwa wamekaa kuzunguka ungo, wakimenya njegere. Mama Karoti alikuwa katikati, sasa na miwani. Na kando, kwenye kigoda, ndevu nyeupe, bila koti, alikaa Bwana Maabara, naye anamenya.

Alinionyesha pa kukaa kwa kidevu, bila kutoa sauti. Baadaye alinieleza kwamba hapandi kila mara, miguu haitaki, ila ukoo ule humtumia salamu kila hadithi inapofika pazuri. Huku juu haijawahi kukatika. Mama Karoti alimtoa Nyapara kisimani kitambo. Masharti aliyopewa wakili ni kwamba anaweza kusikiliza lakini haruhusiwi kusema, kwa sababu kesi bado inaendelea na amekwisha kusema vya kutosha.

Siku ile Nyapara alikuwa amefika kwenye mlango wa mjukuu wa mtu aliyemzika, anabisha hodi, na ndani wanashauriana wamfungulie au wasimfungulie. Watoto walikuwa wameacha kumenya. Mama mmoja akasema wasimfungulie. Nilimwona Bwana Maabara anaweka chini ganda, anainua kidole, anavuta pumzi.

Mwanamke aliyekuwa akigawa uji alimfikia kabla hajafungua mdomo. Alikuwa mnene kidogo, mtoto mgongoni na binti mkubwa akimfuata na vikombe. Akamtilia uji mpaka ukingoni, akamsogezea kikombe mikononi ili apate cha kushika.

"Nyamaza, Baba," Sabina akamwambia. "Mama hajamaliza."

Akanyamaza, akanywa.